Kaburi Nililolionyesha Nyuma ya Stesheni

Asubuhi moja ya Jumanne, mwanangu, nilimdanganya bibi kizee, na mpaka leo siku ile hunirudia. Kaa hapa nikueleze. Hata ndugu zako wakubwa sijawaambia.

Nilikuwa kijana, sijamaliza mwaka tangu nifike Johannesburg kutoka Kalemie. Nilikaa mtaa wa Berea, chumba kimoja na Papa Mulamba, fundi cherehani aliyekuwa mzee wa kanisa letu. Kazi niliyopata ilikuwa ya ulinzi, upande wa mashariki ya mji, kwenye stesheni ya zamani ambayo treni haisimami tena. Jengo lake la matofali mekundu lilijengwa na kampuni ya reli ya enzi za Makaburu, karne ya kumi na tisa, dhahabu ilipokuwa ndiyo kwanza imeonekana na migodi inalilia makaa ya mawe. Chumba cha tiketi kilikuwa kimegeuzwa makumbusho: picha za wahandisi wenye masharubu, kengele, taa za mafuta, na madaftari makubwa ya kampuni.

Msimamizi alikuja siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine wageni wakitokea, nilifungua mimi. Mwanzoni nilisema yaliyoandikwa ukutani basi: kwamba reli ile ya kwanza waliiita tramu, ili wenye magari ya ng'ombe wasishtuke kwamba treni inakuja kuwanyang'anya kazi, kwamba baadaye kampuni ilifikisha reli mpaka baharini, kwamba vita vilipokuja Waingereza wakaitwaa, na kampuni ikafa. Kisha nikaona wageni wanapenda hadithi, nikaanza kutia chumvi. Leo mhandisi analia, kesho simba anaingia kambini. Watu wakapiga makofi. Mimi, mgeni nisiye na karatasi za kueleweka, nikajiona profesa.

Ndipo Jumanne ile akaja Gogo Thandeka. Huku bibi wa heshima huitwa Gogo, wajua. Alikuwa ametoka mbali, Natal, peke yake, amevaa kanzu ya kanisa. Hakutazama picha. Alisema babu wa baba yake alikuja huku kutandika reli na hakurudi. Mwenzake mmoja ndiye aliyeleta habari nyumbani kwamba alikufa kwa homa katika kambi ya stesheni hii.

"Amelala wapi, mwanangu?" akaniuliza.

Sikujua. Ningesema sijui, yangekwisha. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama daktari, nami nilikwisha kuzoea kuwa na jibu. Nikamzungusha nyuma ya jengo, kwenye mikaratusi, palipokuwa na rundo la mawe.

"Hapa ndipo walipozikwa wafanyakazi."

"Una hakika?"

"Ndiyo, Gogo. Imeandikwa katika madaftari."

Mwanangu, mawe yale yalirundikwa na mafundi waliokuja kuzibua mfereji. Niliwaona kwa macho yangu wakiyatupa.

Gogo akavua viatu. Akapiga magoti, akaongea na yale mawe taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Aliposimama uso wake ulikuwa mwepesi. Akaandika jina na simu yake katika kitabu cha wageni, akanishika mikono yote miwili.

"Jumamosi tunakuja kumchukua."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwao mtu aliyefia mbali hufuatwa na tawi la mti wa mphafa. Mzee wa ukoo humwita kwa jina pale alipofia, roho yake ikapanda kwenye tawi, naye akarudishwa nyumbani. Katika gari huachiwa kiti chake. Mwenye kulishika tawi hasemi na mtu mwingine njia nzima, isipokuwa huyo marehemu.

Tangu saa ile sikula vizuri. Jumatano nilimpigia kutoka simu ya barabarani, alipoitika, nikakata. Alhamisi nikapiga tena, nikakata tena. Nilijiambia hakuna atakayejua. Halafu najiuliza: na wakijua? Miaka ile mgeni alipigwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Kazi ingekwenda, na kibali changu cha ukimbizi nilikuwa bado nakisubiri.

Ijumaa Papa Mulamba aliacha cherehani akanitazama. "Wewe una nini? Wiki nzima chai inapoa mbele yako."

Nikamwambia yote. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo kesho watu wazima watauita mfereji babu," akasema. "Na babu mwenyewe atawaona wakipita."

"Nikisema wataniua, Papa."

"Labda watakupiga. Utasema hata hivyo, kabla hawajalishusha lile tawi. Wakishamwita, umechelewa."

Jumamosi zikaja teksi mbili, zile za basi dogo, zimejaa isipokuwa kiti kimoja. Akashuka mzee mmoja, baba mdogo wa Gogo, ameshika tawi lililofungwa kitambaa cheupe. Nikasimama kati yao na mikaratusi, nikasema kwa Kizulu changu cha kuokoteza: "Hapo hakuna mtu. Nilisema uongo. Mawe ni ya mfereji."

Kijana mmoja akasema "Eish!" akanikamata shati, kifungo kikaruka. Gogo akamzuia kwa mkono.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Nilitaka ufurahi, Gogo."

"Hapana. Ulitaka nikuone unajua."

Ndivyo ilivyokuwa.

Akakaa kwenye ngazi ya stesheni, kanzu yake ikiburuzika vumbini. Akauliza, "Sasa niambie unachokijua kweli. Hicho tu."

"Najua reli ilipita hapa. Najua kambi ilikuwa hapa, imo daftarini. Majina ya wahandisi yamo. Ya waliobeba vyuma hayamo. Walikozikwa sijui, Gogo. Hakuna aliyeandika."

Wakashauriana. Kisha yule mzee akaenda mpaka kwenye reli yenyewe, akagusa chuma kwa tawi, akaita jina. Nilisikia akimwambia: hatujui ulipolala, tusamehe, popote ulipo njoo. Wakapanda, kiti kimoja kitupu, wakaondoka. Gogo hakuniaga.

Jumatatu nilimweleza msimamizi mwenyewe. Akaninyang'anya funguo za makumbusho, nikabaki getini mpaka mkataba ulipoisha. Kama babu yule alifika kwao, sijui. Gogo hakurudi tena, na wasiwasi huo ninao bado.

Sasa mama yako ananiambia umepata kazi ya kuwatembeza watalii mjini, na kwamba una maneno matamu. Nimefurahi, na nimeogopa. Nisikilize, hata kama utanijibu kwa Kiingereza chako. Mtu akikuuliza usilolijua, sema sijui, na useme mapema, kabla hajavua viatu. Ukishakosea, usingoje ujasiri uje. Nenda ukitetemeka hivyo hivyo. Na wafu wa watu usiwachezee, kwa maana wapo wanaowatafuta.

Nenda, mwanangu. Mungu aulinde mdomo wako kama anavyoilinda miguu yako barabarani. Akupe watu watakaokuuliza kwa upole, na moyo wa kuwajibu kweli. Na popote utakapofia, uzee ukiwa umekutosha, awepo mtu anayejua jina lako.