Bastola Iliyolia kwa Mdomo

Juzi jioni, hapa nyumbani kwetu Kakiika, binti yangu aliwasha runinga wakati mimi namenya matoke. Ilikuwa sinema ya zamani, ya wanaume wenye kofia pana na farasi waliochoka. Mmoja wao alichomoa rivolva kiunoni, ile bastola fupi ambayo risasi zake hukaa ndani ya duara linalozunguka. Akalizungusha duara kwa kidole gumba, taratibu, akimtazama adui yake machoni. Kabla hajafyatua, nilikuwa nimekwisha kuacha kisu na kushika rimoti. Nilipunguza sauti mpaka ikaisha kabisa, na mdomo wangu wenyewe, bila kuniomba ruhusa, ukasema, "Pwaa!"

Binti yangu akageuka kunitazama, halafu akacheka mpaka mandazi aliyokuwa anakula yakampalia.

"Mama, hiyo ni nini sasa?"

Nilimwambia nitamweleza akikua. Lakini wewe umekwisha kukua, kwa hiyo kaa kidogo, nikueleze.

Nililelewa Nakivale, kambi ya wakimbizi, karibu na Misiera, na bibi yangu mzaa baba. Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini, sisi wawili tu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, yenye paa la turubai, na mvua iliponyesha hatukusikilizana mpaka iishe. Bibi alikaanga mandazi asubuhi. Mchana nilimsaidia kubeba beseni hadi mlangoni kwa kibanda cha sinema, tukauza hapo hadi jioni. Ukitaka kujua harufu ya utoto wangu, changanya mafuta ya mandazi, moshi wa jenereta, na vumbi jekundu lililomwagiwa maji.

Kibanda kilikuwa cha miti na turubai, kimezibwa kila tundu ili mwanga usiingie. Ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao, runinga moja yenye mgongo mkubwa, na mtafsiri. Mtafsiri ndiye aliyekuwa kibanda chenyewe. Sinema zilikuja kwa Kiingereza, na sisi hatukujua Kiingereza, kwa hiyo yeye alisimama kando ya runinga na kipaza sauti, akatuelezea yote kwa Kiswahili cha kwetu. Alikuwa mtu wa mlima wetu, jirani kabisa. Alifika kambini miezi kadhaa baada yetu, mwembamba kama fito, akiwa peke yake.

Siku aliyofika, Bibi hakumsalimu kwanza. Alimuuliza habari za mwanawe, yaani baba yangu, kwa sababu hao wawili walikuwa wamebaki nyuma pamoja siku tuliyokimbia.

"Nilimuacha njiani, Mama," mtafsiri alisema. "Alikuwa ameumia."

Bibi akashika neno hilo kwa mikono miwili. Mtu aliyeumia hupelekwa hospitali. Aliyepelekwa hospitali hupona. Aliyepona hutafuta watu wake.

Asubuhi ile tulipokimbia, shati la baba lilikuwa kwenye kamba. Bibi alilichukua likiwa bado linadondoka maji, akalifunga kiunoni, tukaondoka. Huko Nakivale alilifua kila Jumamosi ingawa hakuna aliyelivaa, akalianika mbele ya nyumba ili mwenyewe akipita alitambue. Akina mama wa kanisa walikuja kumwambia kwamba imetosha, kwamba tutandike mkeka nje, tukae matanga ya baba, tumlilie kama watu wanavyoliliwa. Bibi aliwapa chai. Wakinywa, aliwauliza, "Nilie nani? Mutu mwenye iko hospitali?" Basi wakamaliza chai na kuondoka. Mimi nilikuwa upande wa Bibi. Nilikuwa najua mahali pa kulala nitakapompisha baba.

Sasa nikurudishe kwenye bastola.

Sinema ya kwanza ya wenye kofia pana ilipoletwa, kibanda kilijaa. Mtu wa kwenye runinga akachomoa rivolva, akafyatua. Spika zilikuwa kubwa. Sitasahau kilichofuata: kibanda kizima kilitoka. Hatukupita mlangoni, tulipita kwenye kuta. Mabenchi yalivunjika, turubai likachanika, na jirani yetu Mrundi, mama mmoja Mkatoliki aliyeuza maharage pembeni ya Bibi, alikimbia na sufuria ya moto kichwani bila ngata. Watu walifika mashambani ndipo wakasimama. Wengine walikuwa wamebeba watoto wasio wao.

Polisi mmoja Mganda alikuja mbio kutoka upande wa Base Camp, makao makuu ya kambi. Alipoelezwa, alikaa chini kwenye benchi lililovunjika.

"Banange! Nyinyi nakimbia TV?" akasema. "Mimi nalinda nyinyi kwa mwizi, nalinda kwa nyoka. Sasa TV pia?"

Tulicheka. Jirani Mrundi alicheka kuliko wote, huku akipuliza vidole alivyoungua. Lakini niliona wengine hawakucheka, na Bibi alikuwa bado ameshika mkono wangu kwa nguvu, beseni letu limepinduka na mandazi yako mavumbini.

Wakubwa wa kijiji walitaka kibanda kifungwe. Mtafsiri akawaomba wampe nafasi moja. Tangu siku ile akawa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Alizitazama sinema mapema akiwa peke yake, akajua kila risasi iko wapi. Watu wakishaingia, mkono wake wa kushoto haukubanduka kwenye kitufe cha sauti. Bastola ikiinuliwa, alizima sauti, akaipiga yeye kwa mdomo.

Na alikuwa na midomo mingi. Rivolva ya mlevi ililia "pu," kama mtu anayetema mbegu. Ya mwanamke aliyeificha chini ya kikapu cha mkate ililia "tii," kwa adabu. Ya jambazi ililia "pwaa!" na mate yakaonekana kwenye mwanga wa runinga. Duara lilipozungushwa, alisugua ulimi kwenye meno, trrrr, na sisi watoto tukasugua pamoja naye. Risasi zilipokwisha na mtu akabaki anafyatua bastola tupu, mtafsiri alipiga ulimi mara moja, "ta," halafu akanyamaza, na kibanda kizima kikapumua. Hiyo "ta" ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Wazee walioapa kutoingia tena walirudi. Hata yule polisi alizoea kuja, akasimama mlangoni na mandazi yetu mkononi, akisubiri "pwaa."

Lakini alikuwa na jambo lingine. Kwenye sinema zake hakuna aliyekufa. Mtu akianguka kwenye vumbi, mtafsiri alisema haraka, "Musiogope, ameumia tu. Sasa banamupeleka ku hospitali." Jambazi, hospitali. Askari, hospitali. Tuliona jeneza na kaburi na mjane mwenye nguo nyeusi, naye akasema, "Huyu anaenda kumusalimia mugonjwa." Vijana walipiga miluzi. "We, Docteur! Hospitali hiyo ina vitanda vingapi?" Yeye aliendelea na sinema. Nilikuwa nakaa kizingitini na beseni, na nilimwona kila mara akisema hivyo, macho yake yakienda mlangoni, kwa Bibi.

Bibi hakuwahi kuingia. Alikaa nje, shingo ameielekeza ndani. Kulikuwa na mwigizaji mmoja mwenye ndevu nyekundu aliyepigwa risasi ya tumbo mezani, akafa kichwa kikiwa kwenye sahani. Wiki chache baadaye ikaletwa sinema nyingine, na yule yule mwenye ndevu nyekundu akatokea, mzima, akila nyama.

Bibi alisimama. Mandazi yalimwagika siku hiyo.

"Mumeona? Si ni yeye? Si balimupiga ku tumbo? Angalia vile anakula!"

"Mama we," jirani Mrundi alimwambia, "huyo ni muigizaji. Analipwa aanguke, kisha anaamka anaenda kwake."

"Wewe unajua nini? Ulishapigwa risasi?"

"Hapana."

"Basi acha kusema."

Jumamosi iliyofuata shati lilifuliwa mara mbili. Bibi aliwaeleza akina mama wa kanisa habari za mwenye ndevu nyekundu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma tangazo. Hawakurudi tena kuhusu matanga.

Halafu jina la mtafsiri likatoka. Alikuwa amepata kuhamia nchi ya mbali, ya baridi, mahali ambapo sisi tulipajua kwenye runinga tu. Siku moja kabla basi halijamchukua Base Camp, alionyesha sinema ya mwisho, mchana, bure. Akatoka mlangoni akamwambia Bibi, "Mama, leo uingie. Ukae mbele." Bibi akaniachia beseni, akaingia. Nami nikamfuata na beseni mikononi, kwa sababu sikuwahi kumwona akiingia mahali pale.

Ilikuwa ile ya mwenye ndevu nyekundu, ile ya mezani. Tuliijua yote. Rivolva ikatoka chini ya meza. Mtafsiri akazima sauti. Sote tukasubiri mdomo wake.

Hakupiga. Mtu akaanguka kwenye sahani yake kimya.

"Na ku hospitali?" Bibi aliuliza kutoka benchi la mbele.

Mtafsiri aliweka kipaza sauti chini. "Hakuna hospitali, Mama. Fasi ile hakukuwa hospitali. Alitoka damu mingi. Nilimushika kichwa mupaka akakufa."

Hakuna mtu kibandani aliyedhani kwamba anazungumzia sinema. Jenereta lilinguruma nje. Jirani Mrundi alifanya ishara ya msalaba.

"Alisema kitu?" Bibi aliuliza.

"Aliuliza, asubuhi ile ile, kama mulishavuka muto."

"Na wewe ukamujibu nini?"

"Nikamwambia mulishavuka."

Bibi alitikisa kichwa kwa kukubali, mara nyingi. Mimi nilikuwepo siku ile, ingawa mdogo, na najua kwamba saa hiyo hatukuwa tumefika hata mtoni. Tulikuwa tumejificha kwenye muhogo wa watu, Bibi ameniziba mdomo, maji ya shati yananidondokea mgongoni. Nafikiri mtafsiri alianza kazi yake siku ile, na baba yangu ndiye aliyekuwa msikilizaji wake wa kwanza.

Bibi alinishika mkono, tukatoka. Jioni ile mkeka ulitandikwa mbele ya nyumba. Moto wa jikoni haukuwashwa kwetu. Sombe ya majani ya muhogo na bugali vilitoka kwa majirani, maharage yakatoka kwa Mrundi. Akina mama wa kanisa walikuja na nyimbo zao, na hakuna aliyesema, "Tulikuambia." Wa kwanza kukaa mkekani alikuwa mtafsiri. Bibi alilia kwa sauti ambayo sikujua kwamba alikuwa nayo. Mimi nililia pia, lakini nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimempangia baba mahali pa kulala.

Asubuhi tulimsindikiza mtafsiri hadi kwenye basi. Bibi alikuwa na kifurushi. Ndani yake lilikuwemo shati, limekunjwa vizuri, bado lina harufu ya sabuni na jua.

"Huko ni baridi," alimwambia. "Vaa hii."

Alilivaa pale pale, juu ya lake. Lilimpwaya mabegani. Basi lilipogeuka, tuliona mkono wa shati dirishani, ukipunga, mpaka vumbi likauficha. Hatukupata habari zake tena.

Nilirudi Misiera mwaka huu. Mahali pa kibanda sasa pana duka la kuchaji simu na kuuza unga, na kijana wa dukani hakujua kwamba paliwahi kuwa na sinema. Kila mtu anatazama yake kwenye simu yake, na vitu vya masikioni. Jirani Mrundi amerudi kwao. Bibi amelala kwenye kilima kinachotazama ziwa. Nilipita palipokuwa nyumba yetu nikatafuta nguzo mbili za kamba ya nguo. Nilipata shimo la moja.

Sijui kama yuko mtu mwingine duniani anayekumbuka ile "ta."

Juzi, matoke yakiwa bado mapajani mwangu, binti yangu alimaliza kucheka akageukia runinga. Mtu wa kofia pana alikuwa amelala kwenye vumbi.

"Mama, amekufa?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni. Niliona hospitali yenyewe, vitanda vyake vyote, na wote waliowahi kulazwa humo.

"Amekufa," nikasema.

"Aa," akasema, na akaendelea kula mandazi yake. Yeye hamsubiri mtu.