Vidole Vilivyobaki Urusi

Migebuka, wale samaki wa ziwani Karema, ikichomwa haifichi siri. Moshi ulitoka jikoni kwa bibi, ukapita juu ya mahindi, ukafika barabarani, na kabla ya saa sita Kabungu nzima ikajua kwetu kuna wageni. Nilikuwa darasa la tano. Baba mdogo Siksto alikuwa amerudi kutoka Urusi alikosomea mambo ya maji, na sasa alitaka udiwani. Wageni wenyewe ndio wajumbe wa chama watakaopiga kura za maoni. Wakimkataa hao, basi, Urusi yake angeinywea chai. Alichotaka ni kisima kirefu tu, ili bibi na wenzake waache kuchota maji ya dimbwi wakipishana na ng'ombe.

Ulikuwa msimu wa palizi na mgongo wa bibi ulikuwa umegoma. Kwa hiyo wiki nzima baba mdogo aliamkia shambani na jembe, msomi wa watu, mpaka viganja vikajaa malengelenge, mengine yamepasuka. Alinionyesha nyuma ya nyumba. Nilicheka nikakaa chini, maana vilifanana na maandazi yaliyoungua. "Usimwambie mtu, mama," akasema. "Watasema nalimia kura." Nikaapa haki ya Mungu.

Kwetu mtoto ndiye anayenawisha wageni. Nikapita na jagi na beseni, mmoja mmoja, hadi kwa baba mdogo. Alikunja ngumi mapajani. "Niletee kijiko, mama," akaninong'oneza. Kijiko! Kabungu ugali kwa kijiko ni wa mgonjwa au mzungu. Wajumbe wakatazamana. Alikula haraka haraka, akaingia ndani kuchukua mchoro wa kisima chake.

Mzee Kasiani, mkubwa wa wajumbe, akanigeukia. "Wee Skola, baba yako mdogo anaona kinyaa kunawa na sisi?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi na lingempa udiwani asubuhi na mapema; kiapo chenyewe ningekitubu Jumapili. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi nikitazamwa na watu wengi ulimi unawasha.

"Hapana, babu," nikasema. "Vidole vyake bado viko Urusi, vinasubiri ndege."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mwiba. "Basi na kura akazifuate hukohuko!" Mzee Kasiani akasema, akijifuta machozi. Baba mdogo akatoka na karatasi zake, akakuta watu wanacheka, naye akatabasamu. Alidhani mambo yanakwenda vizuri.

Siku ya kura alisimama kujieleza, na kabla hajamaliza salamu sauti ikatoka nyuma: "Mheshimiwa, vidole vimeshatua?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Kura zake hazikuhitaji kurudiwa kuhesabiwa. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, ila usaha wenyewe ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Sasa niko kidato cha tatu, nakaa kwa shangazi, huko Misunkumilo. Shuleni kukiwa na mdahalo lazima niitwe nichangamshe watu, na ninakwenda, sijaacha. Aliyeshinda ule udiwani alikula ugali kwa mkono vizuri sana. Kisima alichoahidi hadi leo "kiko kwenye mchakato," na bibi bado anapishana na ng'ombe. Baba mdogo alipata kazi Dodoma. Hajagombea tena. Hupiga simu kila Jumapili baada ya misa.

Jumapili iliyopita akaikumbuka siku ile, sijui kwa nini. "Unajua Skola, nilipotoka ndani wote walikuwa wanacheka. Wewe tu umesimama na jagi lako, hucheki. Sijasahau. Nilisema, huyu mtoto yuko upande wangu."

Mchekeshaji hacheki kichekesho chake mwenyewe. Hiyo mtu yeyote wa kazi hii anaijua. Ningeweza kumwambia, simu ilikuwa na chaji na shangazi hakuwepo.

"Asante, baba mdogo," nikasema, nikamuuliza kama Dodoma mvua imeanza.