Mlio wa Pistoni Tatu

Sikio langu lilinilisha miaka mingi kabla ya kuniaibisha. Gereji yangu iko Matisi, hapa Kitale, na kazi yangu kubwa ni pikipiki za bodaboda, zile za pistoni moja zinazopiga tu-tu-tu kama mashine ya kusaga mahindi. Mara mojamoja huletewa gari la pistoni nne. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini nikauegemeza sikioni, nikafumba macho, na ugonjwa hujitaja wenyewe. Nilijivunia jambo hilo, sitadanganya.

Baba mkwe wangu ni mstaafu wa serikali anayeishi Bokoli, na ana pikipiki ya mbio yenye pistoni tatu. Wazee wa rika lake walipostaafu walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua hiyo. Kila mwaka yeye na wenzake wachache hushindana kupanda barabara ya Kapsokwony. Mwaka huu daktari wa macho alimwambia hizo ziwe mbio zake za mwisho, na ukoo mzima tulijua. Kwa hiyo alipoileta kwangu wiki moja kabla, nimbadilishie oili na kukaza mnyororo, nilijua vizuri nimekabidhiwa nini.

Kwetu Bungoma, mkwe na mkwe hawazoeani. Hatubanani kiti kimoja, hatutaniani, na mimi simpigii simu. Neno langu kwake hupitia kwa mke wangu. Aliegesha, akanisalimia kutoka mbali, akaondoka na gari la jirani yake.

Nikaiwasha. Ikanguruma kwa sauti nzito yenye mkwaruzo. Haikuwa tu-tu-tu, wala ule mvumo laini wa nne. Mlio huo mimi naujua: gari la pistoni nne likifa moja, zile tatu zilizobaki hulia hivyohivyo. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mzee inamisi. Pistoni moja haichomi."

Akapiga simu. Jibu likarudi: "Fundi ni yeye."

Nilijua kwamba ni tatu, lakini kujua kwa kichwa na kujua kwa sikio ni vitu viwili. Nikachomoa plagi, zikawa safi. Nikapima moto, ulikuwepo. Mwenye akili angefunga, akapiga simu, akauliza kama mlio wake ni huo siku zote. Kuuliza si ujinga, huwa tunawaambia watoto. Lakini utamuulizaje mkwe, kana kwamba hajui kitu chake? Nikafungua kichwa cha injini nitafute vali mbovu. Sikupata vali mbovu. Nilichopata ni gasketi ya kuzibia kichwa hicho, iliyochanika mikononi mwangu, na ya aina hiyo huipati Kitale wala Bungoma mpaka uagize Nairobi.

Mbio zilikuwa Jumamosi. Gasketi ilifika Jumanne iliyofuata, zimeshapita. Mke wangu aliponiuliza awaambie nini kwao, nilimwambia aseme kuna kipuri kilikuwa kimeharibika. Haukuwa uongo mtupu, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nilipomaliza kufunga, nikaiwasha tena. Mlio ulikuwa uleule.

Niliirudisha Bokoli mwenyewe, na njiani ndipo nilipoielewa. Injini ya pistoni mbili huvuta vizuri ukiwa polepole, halafu pumzi inakata. Ya nne hutaka uizungushe sana ndipo iamke. Hii nilikuwa nyuma ya trekta la miwa, gia ya nne, wala sikushusha gia. Nilivuta mafuta kidogo tu, ikaondoka bila kulalamika, na hata mzunguko ulipopanda bado ilikuwa na hamu. Halafu ni nyembamba kuliko ya nne, kwa hiyo inalala kwenye kona bila kubembelezwa. Mlima wa kona kama ule wa Kapsokwony, ambapo unavuta mafuta, unapunguza, unavuta tena, umetengenezewa injini hii. Raha yenyewe iliniuma. Kila nilipolala kwenye kona nilijua naila raha ya mtu mwingine.

Nilimkuta mzee uani. Mke wangu nilimwacha Kitale, kwa hiyo hapakuwa na wa kupitishia maneno. Nikavua helmeti.

"Baba, haikuwa mgonjwa. Nilidhani mlio wake ni ugonjwa. Niliifungua bure."

"Ati mlio? Si imelia hivyo tangu niinunue?"

"Ndiyo, baba."

"Si ungeniuliza tu?"

"Niliona si heshima kukuuliza."

"Na mimi niliposikia inamisi, niliona si heshima kukubishia." Akaitazama pikipiki. "Sasa heshima imekula mbio zangu."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana, maana aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia.

Akaingia ndani, akatoka na helmeti yake. Nikampisha mbele, akakataa, akapanda nyuma yangu na kunishika kiunoni. Jirani aliyekuwa akipalilia alisimamisha jembe atuangalie, mkwe amembeba mkwe. Tukapita Kimilili, tukapanda mlima wote.

Kapsokwony nikazima injini. Tukakaa kwenye nyasi kando ya barabara, karibu kuliko nilivyowahi kukaa naye.

"Haya, sasa niulize," akasema.

Nikamuuliza Jumamosi ile ya mbio angepandaje. Akaanza kutoka chini. Akanieleza kona moja baada ya nyingine, mikono yake ikilala huku na huku: gia gani, breki wapi, nani angempita kwenye tambarare na yeye angempata wapi kilima kikianza. Hakuruka hata moja mpaka kona ya mwisho. Hapo mikono ikasimama.

"Hapo sijui," akasema. "Hapo ilikuwa nifike ndipo nijue."