Krimu ya Ndoo

Mimi ni mtetezi wa krimu ya ndoo, na sioni haya kusema. Naizungumzia ile krimu iliyokwisha kupigwa na sukari kiwandani, nyeupe pe, inayouzwa kwa ndoo kubwa kwenye maduka ya vifaa vya keki katikati ya mji. Wapo waokaji wenzangu wanaokunja pua wakiisikia, utadhani nimechakachua dawa ya mtoto. Waache wakunje. Kampala ina jua lake, ina umeme unaokatika mashine ikiwa katikati ya kazi, na ina maharusi wanaotaka keki iwe hemani saa sita mchana ilhali wenyewe wanaingia saa kumi na moja. Siagi ya kupiga nyumbani huchoka kusubiri ikateremka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Ya ndoo huwasubiri.

Lakini miaka michache iliyopita niliificha ndoo hiyo chini ya meza ya jikoni, na niliyekuwa nikimficha alikuwa mama mkwe wangu.

Tuliishi naye Nsambya, kwenye nyumba za polisi. Mume wangu ni askari, na baba yake alikuwa askari kabla yake, watu wa kaskazini. Mama ni Mwislamu wa swala tano. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, mwanakwaya tangu utotoni. Watu walitungoja tugombane kwa ajili ya dini wakangoja sana. Sisi tuligombana kwa ajili ya mwiko.

Mama alikuwa fundi wa keki wa kambi nzima. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, katikati yake beseni la bati alilonunua soko la Owino kabla mume wangu hajazaliwa, akaipiga siagi na sukari kwa mwiko wa mti mpaka ikawa laini kama losheni. Mashine ya umeme niliyokuja nayo aliitazama mara moja tu. "Hii nafanya kelele bure," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, na mashine ikarudi kwenye boksi lake. Alinifundisha kila kitu ninachokijua, kwa ukali, na sikuwahi kufikia ulaini wake.

Sasa, kwenye harusi za huku mwokaji hapeleki keki akaondoka. Kabla bwana na bibi harusi hawajashika kisu, mshereheshaji humwita mbele, akampa kipaza sauti, naye akaieleza keki yake mbele ya wageni wote: hii kubwa ni ya nani, hizi ndogo ni za wazazi gani, ndani mna nini, na kisu kipite wapi. Mama alizipenda dakika hizo kupita malipo. Alivaa gomesi lake la kijani, akaeleza taratibu, na kila mara akamalizia vilevile: "Na krimu, mimi napiga na mkono yangu." Wanawake wa kambi walikuwa wakiyangoja maneno hayo ili wapige vigelegele.

Halafu asubuhi moja, akitawadha, presha ikamwangusha. Alirudi kutoka hospitali akiwa na akili zake zote na ulimi wake wote, ila mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hakulia mbele yetu. Aliniita akaniambia keki zisisimame. "Wewe iko na mikono mbili," akasema. "Fanya vile mimi nafanya."

Nikafanya. Nilipiga siagi kwa mwiko wiki mbili, bega likavimba, na krimu ikatoka na chembechembe kama mchanga. Nilijaribu mashine, akaisikia kutoka chumbani, akaniuliza kama nimehamia kiwandani. Wiki ya tatu nikapanda boda kwenda mjini nikarudi na ndoo.

Kabla ya kuilipia niliisoma karatasi yake mara mbili, nikaona mafuta yote ni ya mimea, hakuna ya mnyama yeyote. Nisingemlisha mama kitu asichokula. Nyumbani nikaibandua ile karatasi, nikaikunja ndani ya Biblia yangu, na mama alipouliza ndoo ni ya nini nikamwambia ni mafuta ya kupikia, nimeyanunua ya jumla kwa sababu ya mandazi. Mafuta meupe kwenye ndoo nyeupe, nani atauliza zaidi?

Tena nikaongeza. Kila siku ya keki nilikaa kwenye mkeka na beseni tupu, nikaligonga kwa mwiko nusu saa nzima ili mama asikie kazi inaendelea. Nikienda harusini nilisema kwenye kipaza sauti kwamba krimu ni ya mkono wa mama, vigelegele vikapigwa, nami nikarudi kumsimulia. Alinisikiliza huku akiupapasa mkono wa kulia kwa wa kushoto. Nilimpenda, na sikujua njia nyingine ya kumwachia jina lake.

Miezi ikapita hivyo, mpaka binti wa jirani yetu akaposwa. Binti huyo alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mama ndiye aliyemwogesha wiki zake za kwanza. Keki yake haikuwa ya mtu mwingine kuoka.

Alhamisi ya wiki ya harusi nilitoka kwenda kununua vibao vya kuwekea keki. Nikiwa bado nje ya safu ya nyumba zetu nikasikia harufu ya sukari inayoungua. Nikakimbia. Nikamkuta mama amesimama mbele ya jiko, peke yake, mwiko mkono wa kushoto. Tangu augue hakuwahi kupika. Kumbe alikuwa akiufundisha mkono ule kimyakimya, na siku hiyo alitaka nirudi nikute chakula. Ndani ya sufuria kulikuwa na kabichi ya rangi ya kahawia, inang'aa, imeng'ang'ania chini.

"Hii mafuta yako imeharibika," akaniambia. "Inaungua haraka. Na iko tamu."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka nikashika ukuta. Mama akanitazama, akainama kwenye ndoo, akachovya kidole, akalamba. Hapo kicheko kikaniishia.

"Hii ni krimu."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mkono ulipougua."

"Na ile kelele ya mwiko?"

"Beseni lilikuwa tupu, mama."

Akauweka mwiko chini polepole. Kisha akauliza, "Nguruwe iko ndani?" Nikaenda mbio kuileta ile karatasi kutoka kwenye Biblia, nikamsomea mstari kwa mstari. Akaichukua, akaikunja mwenyewe, akaitia kifuani.

"Kale," akasema, yaani sawa, kwa Kiganda. "Sasa wale watu nashangilia nani? Mimi ama ndoo?"

Akaingia chumbani kwake. Mume wangu alipotoka kazini aliila kabichi yote bila kuuliza, akasema tu kwamba inafanana na birthday, kisha alipoziona nyuso zetu akakumbuka kwamba ana viatu vya kung'arisha.

Mama hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilijiona mwizi, na wizi wenyewe haukuwa wa krimu. Nilikuwa nimeamua, bila kumwuliza, kwamba mikono yake imekwisha kazi, nikamwekea sifa kabatini kama vyombo vya marehemu. Na Jumamosi mshereheshaji angeita mwokaji. Sikujua mama angekuja au angebaki nyumbani, na kama angebaki, sikujua ningesema nini mbele ya watu waliomjua kuliko mimi.

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa nazipaka keki zile krimu. Mlango ukasukumwa. Mama akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Nipe ile mfuko."

Nikaujaza mfuko wa kukamulia kwa krimu ya ndoo niliyoitia rangi ya waridi, nikausokota, nikauweka kwenye mkono wake wa kushoto. Akakamua. Ua la kwanza lilitoka kama tonge la ugali. Akaliangalia, akalikwangua, akalirudisha. La pili hivyohivyo. La tisa hivyohivyo. Siagi yetu ya beseni ingekwisha kuyeyuka kwenye joto la kiganja chake na kumwaibisha. Ya ndoo ilikubali kukwanguliwa na kukamuliwa tena, saa nzima, bila kulegea. Sijawahi kuipenda bidhaa ya kiwandani kama nilivyoipenda ile krimu mchana ule.

Kufikia alasiri maua yalikuwa maua. Yote yaliinamia upande mmoja, kwa sababu mkono wa kushoto uliyazungusha kinyume na alivyozoea maisha yake yote.

"Nazunguka vibaya," akasema.

"Yanazunguka, mama."

Nikanyoosha kidole kurekebisha moja lililoinama mno, akanipiga kofi kwenye mkono. Nilifurahi kupigwa.

Jumamosi alivaa lile gomesi la kijani bila kuniambia lolote. Hemani, palepale uwanjani pa kambi, mshereheshaji alipoita mwokaji, alisimama kabla yangu, nikamshika kiwiko tukaenda pamoja. Akachukua kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Akaeleza keki kubwa ni ya maharusi, hizi mbili ni za wazazi, kisu kipite hapa, wasikate kwa haraka. Wanawake wa kambi walikwisha kusogeza viganja midomoni, wakiyangoja maneno yao.

"Krimu ni ya duka," akasema mama. "Natoka kwa ndoo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mama akanipa kipaza sauti nimshikie mdomoni, maana mkono alioutaka ulikuwa ndio huo mmoja. Akauinua juu, wazi, na rangi ya waridi ilikuwa bado imebaki chini ya kucha.

"Lakini hii maua, mimi natengeneza. Na hii."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka hospitali, nina hakika. Bibi harusi aliacha kisu akaja kupiga magoti mbele ya mama na shela lake lote. Na mimi, niliyekuwa nimeshikilia kipaza sauti, nikasahau kukishusha, kwa hiyo Nsambya nzima ikanisikia nikilia.