Sista Kijiko na swali lililobakia kidogo lifutwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sista Kijiko anahesabu vijiko. Ishirini na nane. Anarudia kwa sauti huku mwenzake wa zamu, muuguzi wa miraba minne wanayemwita Jabali, akivifuata kwa kidole. Ishirini na nane. Wote wawili wanatia saini kwenye daftari, kisha wanahamia kwenye funguo, halafu dawa, halafu wagonjwa wenyewe, ambao leo nao ni ishirini na wanane.

Hata kalamu ya mwandishi wa makala haya imehesabiwa. Moja, ya bluu, ina kifuniko. Saini mbili.

Leo saini ya Sista imepinda. Usingizi haukumjia vizuri, anasema, na chai ya asubuhi imemshinda. Saa nne wanaleta majibu. Si ya maabara, wala si ya mtihani wa binti yake aliyeko kidato cha tatu. Ni majibu ya dodoso, na ndani ya dodoso hilo kuna swali moja, la thelathini na moja, alilolitunga yeye mwenyewe. Leo litapona au litafutwa.

Hii ni wodi ya wanaume katika hospitali ya wagonjwa wa akili wanaoletwa kwa amri ya mahakama: watu waliotenda kosa wakiwa hawajitambui, wakaonekana wanahitaji tiba kabla ya kitu kingine chochote. Mlango una makufuli mawili. Sista ana miaka hamsini na moja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia humu ndani. Jina la utani alilipata siku aliyowazuia watu wa zamu nzima kwenda nyumbani kwa dakika arobaini kwa ajili ya kijiko kimoja, ambacho hatimaye kilikutwa mfukoni mwa daktari. Daktari yule mpaka leo akimwona hujipapasa mifuko.

Mwaka jana hospitali iliamua kuwauliza wafanyakazi wake jambo ambalo halijawahi kuulizwa kwa maandishi: huduma tunayotoa humu ni nzuri kiasi gani? Dodoso lilikuwapo tayari, limetungwa ng'ambo, likatafsiriwa. Lakini kutafsiri ni jambo moja na kufaa ni jingine. Wakaketi wahudumu wanane, Sista akiwamo, wakasoma swali moja moja, na kila mtu akaeleza alivyolielewa.

Swali la nne liliuliza kama mgonjwa hutoka kwenda bustanini muda wowote anaotaka. Walicheka hadi mlinzi akachungulia dirishani, maana hapa safari ya bustani inataka wahudumu watatu na karatasi ya ruhusa. La kumi na mbili liliuliza kama wahudumu wana chumba chao tulivu cha kupumzikia. Aliyelisoma kwa sauti alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Basi wakakata, wakageuza, wakabishana kwa wiki sita. Mwishoni mtakwimu wa utafiti, binti mpole mwenye miwani ambaye Sista humwita mwanangu, akauliza kama kuna kitu dodoso limekisahau. Watu wakatazamana. Sista akainua mkono, akasema sentensi aliyokuwa akiizungusha kichwani siku nzima: "Nikimwogopa mgonjwa, naweza kuwaambia wenzangu bila kuchekwa."

Hakuna aliyecheka. Mtakwimu akaiandika.

Sentensi hiyo ina miaka tisa kifuani mwake. Wakati ule kulikuwa na mgonjwa aliyeanza kuikodolea macho mikono ya Sista kila alipompa dawa, kisha akawa anamfuata nyuma hatua kwa hatua ukumbini. Siku moja wakati wa kukabidhiana zamu, Sista akawaambia wenzake kwamba anamwogopa. Wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama ahamishiwe wodi ya watoto wachanga.

"Na mimi nikacheka, tena kuliko wote," anasema. "Sikurudia kulisema."

Siku ya kumi na tano baada ya kicheko kile, mgonjwa yule alimrukia muuguzi aliyekuwa ameshika zamu ya Sista, akamvunja mkono mahali pawili. Baadaye, alipopata nafuu, alieleza kwamba sauti zilimwambia dawa ile ni sumu, na kwamba mikono ya Sista ndiyo inayoichanganya. Alilia, akaomba radhi kwa kila mtu. Siku hizi yuko nje, anashona viatu, na hajakosa kliniki hata mara moja.

"Simlaumu yeye. Alikuwa anaumwa, na dalili nilikuwa nimeziona," anasema Sista, na sasa hacheki. "Woga wangu ulikuwa ni taarifa. Ningeurudia, dawa zake zingebadilishwa wiki ile ile. Mwenzangu asingevunjika mkono."

Mumewe, fundi cherehani, humuuliza kila jioni kazini kulikuwaje. Kwa miaka mingi alikuwa akijibiwa kuwa ni salama. Habari ya woga aliisikia mara ya kwanza mwaka jana, dodoso lilipoanza kuandikwa, na anasema alisimamisha cherehani.

Sasa njoo uone vituko vya raundi ya kwanza. Madodoso hamsini na mawili yaligawiwa hospitali nzima, na maelekezo yalikuwa wazi: kila mtu ajaze peke yake, asiandike jina. Mgawaji alikuwa nani? Sista Kijiko. Naye akawaambia wenzake wajaze kama kawaida, wakabidhi kabla ya zamu kwisha.

Kama kawaida. Katika hospitali hii, kawaida ni watu wawili. Hakuna kijiko, ufunguo wala kidonge kinachopita bila mmoja kuhesabu na mwingine kuthibitisha. Wakakaa wawili wawili, mmoja akisoma swali, mwenzake akiafiki jibu, wakamaliza la huyu wakaingia la yule. Chini ya kila karatasi wakatia saini mbili safi kabisa. Jioni yote hamsini na mawili yalikuwa mezani, yamepangwa vizuri, hakuna hata moja lililopotea. Sista mwenyewe alikuwa amethibitisha kumi na moja.

Mtakwimu alipoyafungua alicheka kwanza, kisha akashika kichwa. Majibu yalifanana mno. Katika swali la thelathini na moja, watu arobaini na tisa walikuwa wamekubali kabisa. Nani angeandika kwamba huchekwa, huku mchekaji akiwa ameshika kalamu nyingine pembeni yake? Na kanuni ya mtakwimu ni kwamba swali ambalo watu wote wanalijibu sawa halimfundishi mtu chochote, hivyo huondolewa. Timu ikapendekeza liondolewe.

"Niliona aibu, acha tu," anasema. "Swali langu mwenyewe, nimeliua kwa mkono wangu." Akawafuata watafiti ofisini, akaomba raundi ya pili. Wakampa wiki tatu.

Ila mtu mmoja peke yake, katika jengo ambalo hairuhusiwi mhudumu kubaki peke yake, utampata wapi? Sista alipita wodi zote akipima milango, mwisho akachagua stoo ya mashuka. Akaweka kiti, meza ndogo na sanduku lenye kufuli. Ufunguo wa sanduku aliuchukua mtakwimu, jambo lililomwasha Sista kwa siku nzima. Kila mhudumu aliingia mmoja mmoja kwa dakika kumi na tano, na yeye akashika nafasi yake wodini. Wiki tatu, watu hamsini na wawili. Anakiri kwamba mara mbili alijikuta mlangoni mwa stoo, anataka kuthibitisha.

Saa nne kamili mtakwimu anaingia na kompyuta kwapani. Chumba cha mikutano ni kidogo na kimejaa. Jabali amesimama ukutani, Sista amekaa mbele kabisa, miguu haitulii. Binti anaanza na swali la kwanza, kama wafanyavyo wataalamu, na Sista anamwomba kwa adabu aruke. Watu wanacheka. Binti anaruka.

Swali la thelathini na moja: kumi na tisa wamekubali, tisa wako katikati, ishirini na wanne wamekataa. Majibu yametawanyika jinsi inavyotakiwa, swali linaendana na maswali ya jirani yake, na wahudumu thelathini walioombwa kurudia kujaza baada ya siku kumi na nne, kwa namba ya siri badala ya jina, wamejibu karibu vile vile. Linabaki.

Sista anaruka juu. Kwa kweli anaruka, mama wa miaka hamsini na moja mwenye viatu vya kazi, anamkumbatia mtakwimu hadi miwani inapinda. Anasema mwanangu, mwanangu, mwanangu. Halafu anarudi kwenye kiti, anaitazama tena ile namba kwenye kioo cha kompyuta, na machozi yanamtoka.

"Ishirini na wanne," anasema. "Kumbe tulikuwa wengi hivi."

Mwezi ujao dodoso linakwenda katika hospitali nyingine tatu za aina hii, na Sista ameombwa aende nalo awafundishe wenzake namna ya kulijaza. Ameshaandika maelekezo upya kwa mkono wake, na mstari wa kwanza ni kwamba maneno 'kama kawaida' hayatatumika. Mumewe anamshonea koti la safari. Tumaini lake kubwa, anasema akipangusa macho, ni kwamba siku moja swali hilo likiulizwa humu, wote hamsini na wawili wakubali kweli, kila mtu akiwa peke yake.

Saa nane mchana zamu inakabidhiwa. Wahudumu saba wameketi kuzunguka meza, Sista anasoma daftari: nani amekula, nani amekataa dawa, nani anaumwa jino. Anapotaka kufunga, Jabali anakohoa. Yeye hukaa mwisho wa meza na kwa kawaida hana la kuongeza.

"Yule wa chumba cha tisa," anasema, akiitazama meza. "Mimi namwogopa. Tangu juzi."

Mtu mmoja anasogeza kiti. Sista anafungua tena daftari, anaandika, kalamu inakwaruza karatasi.

"Umeona nini, kaka?" anamuuliza. "Anza mwanzo, tunakusikiliza."