Jogoo wa Yumtso Aliyefungwa Uzi Mwekundu

Yumtso alichunga yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, tangu akiwa na miaka sita mpaka alipofika arobaini na mitano, goti lake la kushoto likakataa milima. Mumewe Rinzang akauza mifugo, wakahamia mjini kwenye nyumba yenye ua na ukuta wa udongo. Mji wenyewe uko juu kiasi kwamba maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa, na upepo wake haujui kupumzika. Mtu aliyezoea kufuata yaki sitini hawezi kukaa kutwa akitazama ukuta. Haukupita mwezi, Yumtso akanunua vifaranga kumi na wawili kwa Mzee Ma, mchuuzi wa mboga aliyepanda kutoka mabondeni na pikipiki yake ya magurudumu matatu.

"Hawa ni wa huko chini," Mzee Ma alimwambia, maana alikuwa mtu mkweli. "Baridi yenu hii hawajaionja."

"Hata mimi nilizaliwa uchi," Yumtso akajibu.

Jirani yake Huamo aliposikia akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwenzangu, ndiyo umefika hapo? Kuchunga kondoo wa miguu miwili?"

Yumtso hakumjali. Alijenga banda dogo, dari yake fupi ili kuku wapashane joto, akalikandika kwa kinyesi cha yaki na kuugeuzia upepo mgongo. Mara ya kwanza aliziba kila tundu. Pumzi za kuku zikageuka umande, umande ukageuka barafu, na vifaranga wanne wakafa wamekauka kama vijiti. Akajifunza kuacha tundu moja juu kabisa, unyevu upate pa kutokea. Jioni za baridi kali aliwakamata mmoja mmoja akawapaka siagi kwenye upanga wa kichwani, usiliwe na baridi.

"Wao wanapakwa siagi, mimi chai yangu haitiwi hata tone," alilalamika mama mkwe wake, Bibi Namkho, mwenye miaka sabini na minane na meno matatu.

Mchana aliwatoa kuku uani na kuwachunga kwa kombeo, vilevile alivyochunga yaki. Kuku akikaribia lango, jiwe linatua mbele ya mdomo wake, naye anageuka. Watu walisimama barabarani kutazama.

Kati ya wanane waliobaki, mmoja alitoka jogoo, na jogoo huyo alikuwa na roho mbaya. Alimpiga Rinzang, akampiga mpeleka barua, akampiga mbwa. Yumtso akachoka. Akapatana na Mzee Ma kwamba safari ijayo amchukue, akamchinje huko kwake.

Bibi Namkho alipopata habari, aliweka tasbihi chini.

"Yaki mmoja akifa, ukoo mzima unakula," alisema. "Kuku akifa anashibisha nani? Roho nzima kwa bakuli moja la mchuzi. Sikubali."

"Mama, huyu ana wazimu."

"Hata baba mkwe wako alikuwa nao. Tulimchinja?"

Akatoa uzi mwekundu, akamwagiza Rinzang amkamate jogoo, akamfunga mguuni huku akisoma dua. Tangu saa ile jogoo akawa ameachiwa uhai wake: hauzwi, hachinjwi, hapigwi. Naye ni kama aliambiwa.

Siku ya tatu, Bibi Namkho alikuwa akizunguka nyumba na tasbihi yake, akarukiwa kwa nyuma, akaanguka kifudifudi.

"Mama, nimtupie jiwe?" Yumtso aliuliza, kombeo liko tayari.

"Acha," bibi alisema, akitema mchanga. "Ana haki yake."

Ila kuanzia siku hiyo alizunguka akiwa amejifunga mfuniko wa sufuria nyuma ya kiuno.

Kisha ukaja upepo wa mwezi wa tatu. Asubuhi moja ulilinyanyua paa la banda, na kuku nao wakanyanyuka. Wakapita juu ya ukuta, wakabingirika barabarani mithili ya mifuko ya plastiki. Yumtso alikimbia nyuma yao akichechemea na goti lake, akiuliza kila mlango, mpaka alipofika monasteri. Pale kwenye kibanda cha magurudumu ya sala, yale mapipa ambayo waumini huyazungusha kwa mkono, alikuta watu kama ishirini wamesimama nje kwenye upepo, na mtawa mmoja, Lodoe, ambaye watu humwita Aku kwa heshima, amepanda juu ya benchi. Kuku saba walikuwa wamejikunyata chini ya magurudumu. Jogoo alikuwa mlangoni, hakuna aliyethubutu kuingia.

"Shangazi, huyu mnyama ni wako?" Aku Lodoe aliuliza kutoka juu ya benchi.

Yumtso aliutazama ule uzi mwekundu, naye akili ikamfunguka. "Alikuwa wangu, Aku. Sasa ameachiwa uhai. Wa namna hiyo si huwa mnawapokea?"

Mtawa akatikisa kichwa kukubali. Angesema nini mbele ya watu ishirini wenye tasbihi? Yumtso akarudi na kuku saba kifuani mwa joho na mikononi, jogoo akabaki.

Furaha ilidumu mpaka kuku walipoatamia. Siku ishirini na moja zikapita, mayai yote viza. Mzee Ma alimletea majogoo wawili kutoka mabondeni, nao hewa ya mlimani ikawashinda kabla ya mwezi kwisha. Yumtso aliwaza, akameza kiburi. Kesho yake akamtia kuku mmoja kifuani mwa joho, pale anapobebwa mwanakondoo, akaenda monasteri eti kusali. Keshokutwa akamchukua mwingine.

Siku ya nne joho likalia mbele ya Aku Lodoe.

"Shangazi," alisema polepole, "joho lako linataka kutaga?"

Yumtso akamweleza yote.

Mtawa akashusha sauti. "Humu ndani kuna wanaume thelathini walioapa kutooa."

"Jogoo hakuapa, Aku."

Aku Lodoe alitazama mlima, akatazama viatu vyake, na Yumtso akaona mabega yake yanatikisika. "Basi nyuma ya ghala la kuni," akasema hatimaye. "Siyo mbele ya magurudumu."

Walianguliwa vifaranga kumi na mmoja, na tisa walivuka majira ya baridi bila kupakwa chochote. Huamo alikuja mwenyewe kuomba wawili. Kisimani, wanawake walimsifu Bibi Namkho kwa kupata mkwe mcha Mungu, asiyekosa monasteri hata upepo uvume vipi. Bibi aliinamisha kichwa, akazisogeza shanga za tasbihi, akapokea sifa zote.