Kisu Nilichokikaza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukikaza kisu.

Ni kisu cha kukunja, mpini wake wa pembe ya ng'ombe, bapa lake limeliwa na jiwe la kunolea mpaka limekuwa jembamba kama jani la mchaichai. Bibi yangu mzaa mama, aliyeko Kisarawe, alikibeba miaka mingi kwenye pindo la kanga, akikitania kuwa ni mume wake. Mwaka jana aliniita, akakiweka kwenye mkeka kati yetu. Kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Kinawekwa chini, anayekitaka anakiokota. Nikakiokota.

Tangu siku ile, kila tukipigiana simu, baada ya shikamoo na marahaba huja maswali mawili.

"Mume wangu, kisu kipo?"

"Kipo."

"Kinakata?"

"Kinakata."

Ndipo tunaongea mengine.

Mimi nauza miche ya matunda Pangani, Kibaha. Sikusomea kazi hii. Nimejifunza kwenye simu, na kwa kuua miche mingi. Nadhani hofu yangu ya kukosea inatoka hapo. Mwenye cheti akikosea, amekosea tu. Mimi nikikosea naona nimegunduliwa. Viriba vyangu, vile vifuko vya miche, navipanga kwa kamba, halafu narudi navipanga upya kwa sababu kimoja kimelala upande. Mteja akinitumia ujumbe kuuliza bei ya mwembe, naandika jibu, nafuta, naandika tena.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe kisu ambacho bapa lake linatikisika. Lilicheza kushoto na kulia, kiasi cha unene wa ukucha. Kazi zote lilifanya: lilikata kamba za katani, lilifungua mifuko ya samadi, lilichonga vijiti vya kuegemeza miche, lilimenya chungwa langu la saa nne. Lakini kila nilipolifungua nilisikia ule mtikisiko kwenye vidole, nikajiambia, hiki kitu kibovu na wewe unakiacha.

Asubuhi moja nikakilaza kwenye kizingiti cha saruji, nikachukua nyundo, nikagonga ribiti, ule msumari mfupi unaoshikanisha bapa na mpini. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bapa likatulia kabisa. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani. Nikakikunja kwa nguvu, nikakitia mfukoni.

Mchana nilipotaka kukata kamba, hakikufunguka. Ukucha wa dole gumba ulivunjika, nacho hakikutoka hata kidogo.

Jioni bibi akapiga simu. Kisu kipo? Kipo. Kinakata? Nikasema kinakata. Akaniambia Jumapili niende, machungwa yameiva, na yeye siku hizi hamenyi, vidole vinamuuma. Nikasema nitakuja.

Zilibaki siku nne. Niliapa kwamba Jumapili kitafunguka. Siku ya kwanza nilikitia mafuta ya kupikia, hakuna kitu. Siku ya pili nikakilowesha kwenye mafuta ya taa. Wakati huo nilikata kamba kwa wembe, wembe ukavunjika, nikatumia meno. Mwalimu mmoja mteja wangu alinitazama nikitafuna katani akasema, "Kijana, hiyo miche unaiuza au unaila?" Mkono wangu bado ulikwenda mfukoni wenyewe, kila saa, ukakuta kisu kilichogoma kufunguka.

Siku ya tatu nilikibana kwa koleo, nikavuta. Kikafunguka nusu, koleo likaacha alama mbili za meno yake ubavuni mwa bapa. Sikuacha. Nilikifungua na kukifunga kwa mikono miwili mpaka dole gumba likachanika. Siku ya nne nikachukua msasa nisugue zile alama. Nilisugua moja ikaisha. Nilipoanza ya pili nikajiona ninavyofanya: nautengenezea uongo wangu ushahidi. Nikauweka msasa chini. Nikaamua nitakwenda nacho hivyo hivyo, na nitasema.

Sikupata nafasi ya kusema. Nilipofika Kisarawe bibi alikuwa ameketi mkekani barazani, sinia la machungwa mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kisu kipo?"

"Kipo."

"Kiweke hapo nikione."

Nikakiweka mkekani. Akakiokota kwa mkono wa kulia, akakisukuma kwa dole gumba la mkono ule ule, kama mtu anayefungua kibiriti. Hakikufunguka. Akajaribu tena. Akakigeuza, akaona ribiti iliyobonyezwa, akaona alama ya koleo.

"Nani kampiga huyu mume mwenzio?"

"Mimi, bibi. Kilikuwa kinatikisika. Na siku ile kwenye simu nilikudanganya, hakikuwa kinakata. Hakikuwa hata kinafunguka."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaninyooshea mkono wake wa kushoto, umekunjwa, kana kwamba umebeba kitu kiunoni.

"Hapa alikuwa mama yako. Mchana kutwa nalima naye, nakata mhogo naye, hataki kushuka. Ningefungua kisu kwa mkono gani? Nilimpelekea fundi akilegeze. Alikataa, akasema kitakuwa kibovu. Nikamwambia wewe legeza, mtoto ni wangu."

Nilikitazama. Ule mtikisiko ulionikosesha raha mwaka mzima ulikuwa umetengenezwa kwa makusudi.

"Basi nakichukua," alisema. "Nitampa dada yako, yeye hana nyundo."

"Bibi, usikichukue. Nitakilegeza."

"Lini?"

"Leo."

Akakirudisha mkekani. Nikakiokota. Alinipa kipande cha bati la kopo, nikakipenyeza kati ya bapa na mpini, nikatia mafuta, nikaanza kufungua na kufunga. Nilihesabu mpaka mia mbili, nikaacha kuhesabu. Bibi akaniita mume mwoga, mume wa nyundo, mume asiye na chungwa. Mhogo ulipoiva jikoni, bapa lilikuwa linafunguka kwa vidole viwili. Nilimmenyea chungwa, ganda likakatika mara tatu. Akalinyonya, akanipa la pili.

Ilichukua miezi mingine mitatu ya kulifungua na kulifunga kila siku. Sasa linafunguka kwa mkono mmoja, na linatikisika. Alama moja ya koleo bado ipo. Bibi akiuliza kama kinakata, nakitoa kwanza mfukoni, nakata kitu, ndipo namjibu.